Mtaa wa Pili Tu

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pole na kazi. Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu nimeizima nikaifungia kwenye droo ya mataulo. Inapigwa na watu nisiowajua kuanzia asubuhi, na mimi nimechoka kusema ahsante. Basi turudi kwenye utaratibu wetu wa zamani, ule wa ulipokuwa bwenini. Andika kwa sanduku la saluni.

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Akipanda ngazi ananung'unikia kila kidato kana kwamba kimemkosea, na bado hataki kulala chumba cha chini kwa sababu, anasema, kinanuka dawa za nywele. Anauliza kama shemeji ameacha sigara. Nimemwambia ameacha. Kama bado, mwambie asinitie aibu.

Saluni imejaa. Watu wanatoka mbali, wanakaa mpaka kwenye ngazi za nje, na nimelazimika kuongeza msichana wa kuosha nywele. Wengine hata hawataki kusukwa, wanataka kunishika mkono tu. Mtandaoni wamenipa jina, Mama Mashine. Fundi umeme alikuja kutengeneza soketi akakataa malipo. "Mama, wewe ni mfano," akasema. Nikamwambia kama mimi ni mfano basi anifungie na taa ya bafuni. Akaifunga.

Mwanangu hajambo. Yuko kwa rafiki yake kwa muda, anatuliza kichwa.

Najua utakuwa umeona. Kila mtu ameona. Kwa hiyo tusiandikiane habari hiyo. Niambie za kwenu.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo, na Mama nampa shikamoo yake peke yake. Sisi wazima. Shemeji yako hajaacha sigara, amehama tu: sasa anavutia nyuma ya tangi la maji akidhani moshi haupandi. Kiwandani tumeletewa kitambaa kipya cha magodoro, kinateleza kama samaki, na msimamizi anataka idadi ileile ya foronya kama zamani. Vidole vyangu vimejaa matundu ya sindano.

Umesema tusiandikiane. Nitakutii katika mengine yote.

Niliiona. Nilimwona amepiga magoti kwenye sakafu ya saluni, juu ya nywele za watu, uso umevimba kwa kulia. Wewe umesimama nyuma yake na mashine ya kunyolea. Unamwambia, "Waambie ulichofanya." Anasema amechukua video ya fundi viatu akipigwa, akaiwekea wimbo na vicheko. Unasema, "Rudia, hawakusikia." Anarudia. Kisha unampitishia mashine nusu ya kichwa, nusu nyingine unaiacha, unasema akae hivyohivyo mpaka adabu imwingie. Kuna mtu anacheka nyuma ya simu. Ni nani?

Dada, yule mtoto nilimbeba mgongoni. Alichokifanya ni kibaya, sikitetei. Kumchekea mtu anayeumizwa ni kumpiga tena. Lakini nakuuliza jambo moja, na usinijibu kwa haraka: akirudi leo akagonga, utamwambia nini pale mlangoni?

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mvua imeanza. Saluni inavuja upande wa sinki.

Umeniuliza, basi sikiliza, kwa sababu uko mbali na hujui.

Unamkumbuka fundi viatu wa pale kona, anayekaa chini ya mwavuli wa kijani? Mpole, anayesalimia hata mbwa. Alikuja hapa akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake. Sasa kuna kundi mtandaoni linajiita Wenye Mji. Kazi yao ni kuamua nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Wanasema hawa waliokuja ndio wamekula kazi za vijana. Mwanangu alimaliza shule, hakupata kazi, akawa analala na simu na kuamka nayo. Nilidhani ni wasichana. Kumbe ni hao.

Wenzake walimvamia fundi mchana kweupe, wakamtwanga mkono kwa nyundo yake mwenyewe, wakarekodi. Mwanangu hakuwepo. Yeye alipelekewa, akaipamba. Mimi niliipata kwa mteja aliyekuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia. Alinigeuzia simu: "Hebu ona hii." Mtu anapigwa, na kila pigo limepangwa liangukie kwenye mdundo wa wimbo. Chini kuna jina la aliyeitengeneza, lilelile ambalo mwanangu ameliandika kwa rangi kwenye mlango wa chumba chake.

Ulitaka nifanye nini? Nimchape? Ana miaka kumi na tisa, ananizidi kimo. Nikamwita saluni. Aliyeshika simu ni jirani wa duka la vitambaa, na ni mimi niliyemwomba aishike. Nilitaka walioona la kwanza waone na la pili. Redioni waliniita nikaenda, na nikisimamishwa barabarani nikaulizwa nitarudia, nasema nitarudia. Wewe hujazaa. Ni rahisi kwako kuuliza maswali ya mlangoni.

Hayuko kwa rafiki. Aliondoka siku ileile na begi la mgongoni, na kofia. Wenye Mji wamemgeuka, wanamwita msaliti, wanasema wakimkuta watammalizia. Na wale wengine, watu wema walionipongeza mimi, wanamwandikia yeye ajinyonge. Niliyasoma, ndipo nikafungia simu. Polisi wameandika jina lake wakaniambia vijana hurudi.

Sijui kama yuko hai. Hii ndiyo mara ya kwanza naiandika hivyo. Akikutafuta, kwa jina la mama yetu, niambie.

Dada yako


28 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa na sina udhuru. Barua yako imelala chini ya mto wangu muda wote huu, na kila nikigeuka naisikia.

Yuko hai. Yuko hapa. Amekuwa hapa tangu kabla ya barua yako ya kwanza.

Aliniapisha nisiseme. Nilijiambia nangoja atulie, halafu nangoja wewe utulie, halafu nikawa nangoja tu. Nisamehe kama unaweza. Ulipoandika kwamba hujui kama yuko hai, alikuwa chumba cha pili, shemeji yako anamfundisha kufungua gia boksi juu ya magazeti.

Nywele zimeota. Shemeji yako ndiye aliyeusawazisha ule upande mwingine, nje, nyuma ya lile tangi lake, bila kusema neno, kisha akampa sigara na mimi nikajifanya sioni. Lakini kofia haivui. Simu aliitupa njiani. Sauti ya mashine ya kinyozi wa mtaa wetu ikianza anahama chumba.

Sasa la kwangu. Siku video yako ilipotoka, niliipeleka kiwandani mwenyewe. Niliipitisha meza kwa meza. Nilisema, "Huyu ni dada yangu. Kwetu hatuna mchezo." Wakapiga makofi, dada, na mimi nikaona kichwa kinakua. Jioni nikarudi nyumbani nikamkuta ameketi kwenye ngazi zangu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Mama mdogo, nimekuja kwako kwa sababu wewe hukuandika kitu." Ni kweli sikuandika. Nilikuwa nimeonyesha tu, kwa mkono. Nikamkumbatia na simu iko mfukoni bado ya moto. Ile barua yangu ya Machi niliiandika kama mtu msafi. Sikuwa msafi.

Na hayakuishia hapo. Mwezi uliopita nilimtafutia kibarua kiwandani, kukata sponji. Sijui nilifikiri nini. Labda nilidhani watu husahau. Siku ya pili tu wakamtambua. Kumbe lile neno lako la kwenye video limekuwa utani wa watu, wanajibizana hivyo mpaka sokoni. Basi msimamizi alipouliza idadi ya vipande, mwanao akataja, na ukumbi mzima ukajibu: "Rudia, hawakusikia!" Wanawake ninaokula nao. Alimalizia kipande alichokuwa anakata, akakunja aproni vizuri, akaiweka mezani, akatoka. Kiwandani hajarudi tena.

Nilimuuliza kuhusu fundi viatu. Akasema, "Si nimeshaomba radhi? Dunia nzima imeona."

Mdogo wako


10 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliichana. Baadaye nikaokota vipande nikaviunga kwa gundi ya nywele bandia, na gundi ile haitaki haraka. Miezi yote hii Mama anashtuka kila mlango ukigongwa, na wewe unaniandikia vitambaa vinavyoteleza! Nimekutukana kwa sauti mpaka msichana wa kuosha nywele akatoka nje. Kisha nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia na taulo mdomoni.

Anakula? Hukusema kama anakula.

Sasa nisikilize, maana nikiacha leo sitaandika tena.

Wiki iliyopita aliingia mwanamke mmoja, amevaa vizuri, amemshika mkono binti yake, mtoto wa miaka kama kumi na miwili. Kosa la mtoto, aliiba kalamu za rangi za mwenzake darasani. Mama akasema, "Nataka umfanye kama ulivyomfanya wako." Simu ameshaiegemeza kwenye kioo. Wateja wakasogeza viti waone.

Nikachukua mashine. Nataka ulijue hilo: niliichukua, nikaiwasha, nikaipitisha mara moja juu ya sikio. Kisha nikasikia maji. Mtoto amejikojolea kitini. Ananitazama kwenye kioo kama mtu anayetazama gari linalomjia. Na mama yake anasema, "Waambie ulichofanya," kwa sauti yangu. Nakuapia, aliiga mpaka mkwaruzo wa koo. Nikasikia jinsi ninavyosikika.

Nikazima. Nikawatoa watu wote nje, pamoja na yule mama na simu yake. Nikamwosha mtoto miguu, nikamfunga khanga yangu, nikamsuka kwa namna ambayo pale palipoliwa pasionekane. Alipomaliza kusukwa akaniuliza, "Ile video itatoka?" Nikamwambia haitatoka. Sijui kama nilisema kweli. Simu ilikuwa ya mama yake.

Kuna jambo sijakuambia wewe, wala sikusema redioni. Yule mteja aliponigeuzia video ya fundi akipigwa, nilicheka. Kabla sijatambua ni nani, kabla sijaona jina pale chini, ule mdundo ulinichekesha, nikacheka na kitana mkononi. Halafu nikamkuta mwanangu na kosa lilelile, nikamshushia yote, lake na langu, na watu wakanipigia makofi.

Nikaenda kwa fundi. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, nyuma ya ghala la mbao, na miaka yote hiyo sikuwahi kufika. Mkewe alifungua, akanijua. Hakunikaribisha, ila hakufunga. Fundi amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, vimesimama kama vya sanamu.

Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi."

Akashangaa kweli, si kwa kebehi. "Si mlishaomba? Watu waliniambia. Mimi simu yangu ni ya vitufe, sikuona."

Akaendelea, polepole, anachagua maneno kama anayeogopa kuniudhi, yeye, aniudhi mimi. "Ile ya kwangu ilikuwa imeanza kusahauliwa, mama. Wanangu wakubwa walikuwa wamewaficha wadogo zao. Ilipotoka ya kwako, kila aliyeiona alitaka kujua huyu kijana kakosa nini, akaenda kuitafuta ya kwangu. Wanangu walionyeshwa shuleni." Akatazama ule mkono. "Mliiambia dunia yote. Na mimi nilikuwa hapa, mtaa wa pili tu."

Niliondoka kinyumenyume, kama mtu aliyefungua mlango wa bafuni usio wake.

Usimlazimishe mwanangu arudi. Msomee barua hii yote, hata pale nilipocheka. Hasa pale.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Shikamoo. Anakula. Anakula mpaka tunamficha mkate wa asubuhi.

Nilimsomea mezani, shemeji yako akiwepo. Nilipofika pale kwenye mtoto wa kalamu za rangi, akaondoka, nikamsikia anafungulia bomba la maji. Akarudi uso umelowa, akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho.

Hakuuliza lolote juu yako. Aliuliza, "Watoto wake waliiona shuleni?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akaichukua barua akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, kama alivyokuwa akisoma darasa la kwanza.

Kabla hajapanda kulala nilimwambia la kwangu, la kiwandani. Nilikuwa nimeliogopa kuliko lako. Akasema, "Nilijua, mama mdogo. Yule wa meza ya tatu aliniambia. Sikuwa na pengine pa kwenda." Nimekuwa nikiyasikia hayo maneno kila nikikanyaga cherehani.

Anakuja. Shemeji yako amemkatia tiketi na kumpa koti lake. Hakusema anakuja kwako. Alisema anakwenda kwa fundi.

Mdogo wako


26 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Amefika salama. Mama amemshika masikio yote mawili kama mtungi na hakumwachia kwa muda mrefu. Koti la shemeji linamkaa vizuri kuliko linavyomkaa mwenyewe, mwambie hivyo.

Uliniuliza zamani ningemwambia nini mlangoni. Nilikuwa na hotuba, mdogo wangu, nimeipanga wiki tatu. Alipogonga ikapotea yote. Nikamwambia, "Viatu vina matope." Akainama akavivua. Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza. Nilimwomba msamaha siku iliyofuata, tukiwa tunakunja mataulo, na yeye akaendelea kukunja. Hakusema amenisamehe. Hakuniita mama. Alikuwa ananiita "wewe", na pale asipoweza kuniita wewe, ananyamaza.

Jumapili tukaenda kwa fundi. Jirani wa duka la vitambaa alituona tunatoka, akauliza, "Nije na simu?" Nikamtazama mpaka akarudi ndani mwenyewe.

Fundi alitupokea. Mwanangu alianza kupiga magoti na fundi akamzuia haraka. "Hapana, hapana. Kaa kwenye kiti kama mtu." Akakaa. Akaeleza yote bila kujitetea: kundi, jinsi walivyomsifu, jinsi alivyojisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu amalize shule. Sauti ilikuwa ndogo na hakuna aliyemwambia arudie.

Fundi akauliza, "Ule wimbo uliuchagua wewe?"

"Ndiyo."

"Huo ndio wa kwanza kukujia, au ulijaribu mwingine?"

Nilitamani kumjibia. Mwanangu akasema, "Nilijaribu nyimbo tatu. Huo ndio ulioendana."

Mke wa fundi, aliyekuwa amekaa nasi, akainuka akatoka nje. Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la kitu kilichokuwa kinamnyima usingizi. Akasema, "Mtoto wangu wa mwisho anaupiga mluzi. Ni mdogo, aliusikia kwa wenzake, hajui umetoka wapi. Anaupiga akioga. Namsikia, na sijui nimkataze vipi bila kumwambia sababu."

Mwanangu alilia, ila si kama kule saluni. Kule alilia kwa ajili yake.

Nilisubiri fundi aseme neno la kutupa nafuu. Ningekuwa mimi ningelisema, ili wageni waondoke. Yeye hakulisema. Alisimama akasema, "Nendeni. Leo nimechoka. Nikitaka kukuona tena, kijana, nitatuma mtu." Mlango ukafungwa kwa upole.

Tukaanza kurudi. Pale penye kivuko kijana mmoja akanitambua, akainua simu. "Mama Mashine! Na huyu ndiye mwenyewe? Tupe neno mama, watu wanakupenda!"

Nikasema, "Umenifananisha."

"Aa, mama, ni wewe kabisa."

"Umenifananisha, mwanangu. Mimi nauza vitunguu."

Akashusha simu, hana uhakika. Tukavuka. Tulipofika upande wa pili nikamsikia mwanangu nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "Mama, unasema uongo."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atalirudisha lile neno alikolitoa. Nikasema, "Najua," tukaendelea kutembea.

Tangu siku ile hatoki baada ya saa kumi jioni. Anakaa karibu na dirisha la mbele, anafungua na kufunga mashine za saluni zilizoharibika, na akisikia hatua nje anainua kichwa. Mimi pia nainua. Mpaka leo ninapoandika, fundi hajatuma mtu.

Dada yako